Shemeji ananiuzia tairi nne kwa bei ndogo: nizichukue?

SWALI

Assalamu alaykum Ami,

Mimi ni mwalimu, naishi Wete na skuli yangu iko upande wa Konde. Nina Toyota Vitz ya 2006 niliyoinunua kwa mtu, nusu kwa pesa za mchezo na nusu kwa mkopo wa kazini. Si gari ya kujivunia, lakini haijanilaza njiani. Ndiyo inayonipeleka kazini na watoto skuli, ndiyo inayompeleka mama hospitali Chake, na msimu wa karafuu ukifika baba mkwe hunitilia gunia lake nyuma bila hata ya kuniuliza.

Tatizo ni tairi. Mbili za mbele zimekuwa vipara. Upande wa ndani umelika zaidi, na moja imeshaanza kutoa waya. Za nyuma bado zina kashata, ule mpira wa juu wenye mifereji unaoshika barabara, na ubavuni nimekuta namba 3921. Spea usiseme, nahisi ni kongwe kuliko gari yenyewe. Juzi mvua ilipokuwa inanyesha nilifunga breki kwenye mteremko, gari ikaenda moja kwa moja na usukani nimeshaukata. Alhamdulillahi mbele hakukuwa na mtu.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anauza tairi za mtumba Unguja, pale Mwanakwerekwe. Amenitumia picha za tairi nne za Japani. Kashata nene kweli, zimejaa vichale vidogo vidogo kama vilivyochanjwa kwa wembe. Ubavuni kuna maandishi STUDLESS, alama ya mlima wenye kitu kama ua ndani yake, na namba 0817. Anataka 50,000 kwa moja, yaani nne kwa 200,000, na atanipakilia kwenye meli mpaka Mkoani bila ya kunidai nauli. Hapa Wete mpya za Kichina, saizi 165/70R14, wananambia 115,000 moja. Fundi wangu anasema nichukue mbili mpya, nizifunge mbele. Mwalimu mwenzangu anasema nihamie rimu za 15 kabisa, gari itapendeza. Na kuna kijana anachonga kashata upya kwa 10,000 tu.

Nina 300,000 kwa kila kitu, na hiyo nimeipata kwa kujibana. Mume wangu kaniachia niamue mwenyewe, lakini nikimkataa mdogo wake najua maneno yatafika kwa mama mkwe kabla ya magharibi. Nifanyeje?

Mwalimu, Wete

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu,

Jibu kwanza, maelezo baadae. Zile nne usizichukue. Nunua mbili mpya hapo hapo Wete, zifungwe nyuma, na za nyuma ulizonazo zije mbele. Shemeji yako atapata biashara, lakini si hiyo. Na kabla ya yote hayo, gari isitoke uani na tairi iliyotoa waya. Panda daladala siku mbili tatu. Waya zikishaonekana, tairi hiyo haina ilani nyengine ya kukupa, na trafiki akikusimamisha huna la kumjibu.

Sasa hizo picha. Hilo ulilodhani ni ua ndani ya mlima ni chembe ya theluji. Tairi unazouziwa ni za theluji. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na kwengineko, barabara hufunikwa na barafu miezi kadhaa kila mwaka, kwa hivyo mwenye gari huwa na seti mbili, moja ya baridi na moja ya miezi iliyobakia. Mpira wa tairi ya baridi umetengenezwa ubakie laini hata barafu ikiganda, na vile vichale vya wembe viko pale ili kashata ifunguke na kung'ata barafu. Ilete tairi hiyo Pemba, juu ya lami ya saa nane mchana wakati wa kaskazi, na ule ulaini unageuka udhaifu. Ukifunga breki kashata zinajikunja badala ya kushika. Ukikata kona gari inachelewa kufuata usukani. Na mpira unalika mbio, kwa hivyo huo unene unaouona pichani hutokaa nao.

Lakini kwa nini zinafika kwetu na kashata nene namna hiyo? Ingiza kidole kwenye mifereji ya tairi yoyote utakuta vinundu vifupi chini kabisa. Kashata ikilingana navyo imebakia milimita 1.6, tairi imekwisha. Tairi za theluji za Kijapani zina vinundu vyengine virefu zaidi, ambavyo hujitokeza kashata inapofika nusu. Vikishajitokeza hivyo, mwenyewe kule huihesabu tairi kuwa haifai tena kwa theluji na huitoa, ingawa kwa macho yetu bado ina kashata tele. Basi hutiwa kontena, na huku mnunuzi huangalia unene, si alama. Simlaumu shemeji yako. Naye pengine kauziwa hivyo hivyo.

Kuna na suala la umri. 0817 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2017. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi hiyo ingekuwa mtoto, ungekuwa nayo darasani. Mpira hukauka hata ukikaa stoo, na jua na joto huuongezea kasi. Kampuni kama Michelin hushauri tairi iliyotumika miaka mitano ianze kukaguliwa kila mwaka na fundi, na ikifika miaka kumi itolewe hata kama inaonekana nzima. Watengenezaji kadhaa wa magari husema miaka sita. Kwa jua letu hili mie huenda na hao wa miaka sita. Zako za nyuma, 3921, ni za wiki ya 39 ya 2021, na ndiyo maana sikuambii uzitupe. Hebu katizame na hiyo spea. Ukikuta namba yake ya mwisho ina tarakimu tatu badala ya nne, basi ni ya kabla ya mwaka 2000, na kweli imeishinda gari kwa umri.

Usinielewe kuwa mtumba wote ni mbovu. Tairi ya Kijapani isiyo ya theluji, ya miaka mitatu minne, iliyotolewa kwa sababu mwenyewe alikuwa anapeleka gari kwenye ukaguzi wao wa kila miaka miwili, yaweza kuwa bora kuliko mpya ya jina usilolijua. Ila kuipata hiyo unataka uishike kwa mkono wako, na wewe uko Wete, tairi ziko Mwanakwerekwe. Zikishafika Mkoani na kasoro utazirudisha vipi? Duka la hapo Wete, ukikuta uvimbe ubavuni kesho yake, unarudi na risiti yako mkononi. Idai hiyo risiti.

Nenda sasa dukani. Mlangoni mwa gari, upande wa dereva, kuna kibandiko chenye saizi na upepo. Kwa Vitz yako hiyo 165/70R14 ni sawa, na baada yake utaona kitu kama 81S. Hiyo 81 ni uzito: kila tairi moja inabeba kilo 462. Namba hiyo isishuke, kwa sababu ya hao watoto na gunia la baba mkwe. S ni mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Utasema Pemba nikimbie 180 niende wapi, lakini tairi yenye herufi ya juu huvumilia joto zaidi, kwa hivyo S au T zote sawa. Kama 165/70R14 imeadimika au bei imepandishwa, uliza 175/65R14. Kimo chake kinapungua milimita tatu nne tu, rimu yako inaichukua, na inabeba kilo 475. Ukichukua hiyo, ziwe zote mbili za ekseli moja, sio moja hivi na moja vile.

Halafu isome tairi yenyewe. Mpya pia ina namba ya mwaka, na duka linaweza kuwa na "mpya" iliyokaa juani mlangoni miaka minne. Mie sichukui mpya iliyozidi miaka miwili bila ya kupunguziwa. Namba hiyo mara nyingi iko ubavu mmoja tu, kwa hivyo ukiikosa igeuze tairi. Tairi nyingi za Kichina zina maneno matatu madogo ubavuni: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza ni la kudumu, namba ikiwa kubwa inadumu zaidi, lakini namba hiyo kiwanda hujipa chenyewe, usiiamini sana. La pili ndilo lako. Ni herufi ya namna tairi inavyosimama kwenye barabara ya maji: AA, A, B au C. Kisiwa chetu ni vilima na mabonde, na mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja. Chukua A. Ukiletewa C, hata kwa 80,000, iache hapo hapo. La tatu ni joto, nalo litafute liwe A, ikikosekana B.

Majina? Katika Wachina kuna viwanda vikubwa vinavyouza dunia nzima, Linglong, Triangle, Westlake, Sailun. Kutoka India kuna Apollo na CEAT. Sikuapii kwa hata moja, lakini mwenye jina la kulinda ni tafauti na tairi ambayo jina lake hulioni tena mwaka ujao. Sisi wazee bado tunaililia General Tyre ya Arusha, lakini kiwanda kilishafungwa.

Fundi wako atagomba nikisema mpya ziende nyuma. Mafundi karibu wote wanafunga mbele, kwa hoja kuwa Vitz inavuta kwa mbele na ndiko tairi zinakolika. Hoja ya kulika ni kweli. Ila kwenye maji, tairi za mbele zikipoteza barabara unaisikia kwenye usukani, gari inakwenda moja kwa moja kama ilivyokufanyia juzi, unaachia mafuta na mwendo ukipungua inashika tena. Za nyuma zikipoteza barabara kwenye kona, mkia unakupita. Hapo dereva wa kawaida, mimi nikiwemo, hana muda wa kufanya kitu. Kwa hivyo zenye kashata nyingi zaidi hukaa nyuma. Hii ni kwa sharti kuwa hizo za 2021 zinazokuja mbele ni nzima. Chukua rula ya darasani uisimamishe ndani ya mfereji. Ukipata milimita nne au zaidi, vizuri. Chini ya tatu, wakati wa masika usizitegemee, na hapo itabidi ukope uchukue nne mpya, hamna njia.

Jengine ni hilo la kulika upande wa ndani. Tairi haijiliki yenyewe ndani. Ama alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, imekwenda, ama bushi au tairodi, viungio vya magurudumu ya mbele, zimechoka. Mwambie fundi anyanyue mbele kwa jeki, ashike gurudumu kwa mikono miwili alitikise, kushoto na kulia, juu na chini. Likicheza, hiyo itengenezwe kwanza, kisha alaimenti, ndipo hizo tairi zisogee mbele. Ukifunga bila ya kufanya hivyo, zako nzuri za 2021 zitaliwa kama zilivyoliwa hizo.

Kuchonga ni hapana. Chini ya mfereji wa tairi ya gari ndogo kuna mpira mwembamba tu, halafu waya. Kijana anakata mpira huo huo mwembamba uliobaki kuzilinda waya. Tairi za kuchongwa zipo, ni za malori, na ubavuni zimeandikwa REGROOVABLE. Rimu za 15 nazo mwambie mwenzako akununulie yeye.

Hesabu basi. Mbili kwa 115,000 ni 230,000. Wewe omba upunguziwe kwa kuchukua jozi, na wakikataa kushusha bei, waambie wakufungie na kukutilia valvu mpya bila malipo, hilo mara nyingi hulikubali. Inabaki 70,000 ya balansi, alaimenti na tairodi ikihitajika. Haitoshi kwa spea, na hapo ndipo anapoingia shemeji yako. Mwandikie yeye mwenyewe, kabla hujamwambia mtu mwengine nyumbani, maana likipitia kwa watu litafika limeshatiwa chumvi:

"Shemeji, ahsante kwa kunifikiria. Hizo ni za theluji na ni za 2017, sitozichukua, gari inabeba watoto. Lakini spea yangu imekufa. Nitafutie moja ya 165/70R14 isiyo na alama ya theluji, isiwe kongwe kuliko 2021, unipigie picha ya namba na picha ya ndani ya tairi. Mwisho wa mwezi nakutumia pesa yako."

Kusubiri mpaka mwisho wa mwezi kutamshinda nini, si shemeji?

Picha ya ndani ina kazi yake. Tairi iliyotembezwa bila upepo huacha alama ya duara ndani ya ubavu, mpira umechakaa na umebadilika rangi, wakati mwengine kuna unga mweusi. Hiyo haifai hata kama nje inang'ara, na kung'ara kwenyewe mara nyingi ni dawa nyeusi iliyopakwa kuficha mipasuko. Kiraka kimoja katikati ya uso wa tairi si neno. Kiraka ubavuni, mwambie aendelee kutafuta. Na akikwambia atakutilia tyubu ndani ili iwe salama, hapo ujue kuna pahala panavuja.

Upepo usiache vijana wakutilie psi 40, kwa kipimo cha pampu zao, kwa kuwa "tairi ni mpya". Fuata kibandiko cha mlangoni. Kijapani huandikwa kwa kPa, kipimo chengine cha upepo: ukiona 220 ni psi 32, ukiona 230 ni psi 33. Pima asubuhi kabla hujatoka, na spea uipime siku hiyo hiyo, maana husahauliwa mpaka inapohitajika.

Ukishafungiwa, nenda na urudi Konde siku moja, halafu nati zikazwe tena. Kilomita mia mbili tatu za mwanzo nenda taratibu, khasa ikinyesha, kwa sababu tairi mpya hutoka kiwandani na utelezi juu ya uso wake mpaka ulike. Hizo mbili kuukuu usizitupe nyuma ya nyumba zikajaa maji ya mvua na mbu. Mpe fundi wa pancha, yeye anajua pa kuzipeleka.

Ami